Waliojenga Walikula Nini?

Mwaka 1990 farasi alijikwaa mchangani huko Giza, Misri, kusini ya piramidi ambazo dunia nzima inazijua kwa picha. Kilichomkwaza kilikuwa ukuta mfupi wa matofali ya udongo. Wachimbaji wa mambo ya kale wakaitwa, mchanga ukafukuliwa, na chini yake yakaonekana makaburi. Hayakuwa ya wafalme. Yalikuwa ya watu waliovuta mawe na wasimamizi wao, na kando yao palikuwa na mitungi ya pombe na mikate, wasije wakashinda njaa huko waendako.

Mtalii akifika mahali penye jengo mashuhuri huinua shingo. Anaambiwa urefu wake, jina la mfalme, na idadi ya mawe. Ni nadra kuambiwa palipikwa nini. Lakini jengo halisimami bila jiko, na mara nyingine jiko ndilo linalotueleza habari za watu ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Swali la walichokula wajenzi si geni. Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba kwenye piramidi ya mfalme Khufu palikuwa na maandishi ya hesabu ya figili, vitunguu maji na vitunguu saumu walivyolishwa wajenzi, na kwamba gharama yake ilifika talanta 1,600 za fedha. Maandishi hayo alisomewa na mkalimani. Kama alisomewa au alitungiwa, ni shauri la mkalimani huyo. Piramidi yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa miaka elfu mbili na zaidi.

Jawabu la uhakika zaidi limetoka ardhini. Tangu mwaka 1988, Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamekuwa wakichimba mji wa wafanyakazi ulio kusini ya sanamu ya Sphinx, uliokaliwa zama za Khafre na Menkaure, mwana na mjukuu wa Khufu. Mwaka 1991 walikuta viwanda viwili vya kuokea mkate, majivu yakiwa bado sakafuni.

Mkate ule ulipikwa hivi. Vyungu vizito vya udongo vyenye umbo la kengele vilipangwa juu ya moto hadi vikashika joto. Vingine vilikalishwa kwenye mfereji uliojaa makaa na majivu, vikamiminiwa kinyunya cha ngano ya kale na shayiri. Kisha chungu chenye moto kilipinduliwa juu ya chenzake kama kawa, moto ukawa chini na juu. Mwanamke wa pwani yetu aliyewahi kupalia mkate wa kumimina kwa makaa juu ya kifuniko hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1993 Lehner na wenzake walijenga jiko la namna hiyo na kuoka upya: ulitoka mkate mzito, mchachu, wa kumshikilia tumboni mtu anayeshinda juani akivuta mawe.

Jungu kuu halikosi ukoko. Katika mji huohuo ilipatikana mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ng'ombe wengi walikuwa madume wachanga. Watu waliolishwa nyama kiasi hicho si wale watumwa wa kuchapwa mijeledi tuliozoea kuwaona kwenye filamu. Kazi ilikuwa ngumu, mifupa yao yenyewe inashuhudia kwa migongo iliyochakaa. Lakini kulikuwa na mtu aliyehesabu posho yao.

Na hesabu za namna hiyo zipo. Mwaka 2013 Mfaransa Pierre Tallet aligundua huko Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, vipande vya karatasi za mafunjo vilivyo vya kale kuliko maandishi yote ya mafunjo yanayojulikana. Miongoni mwavyo mna shajara ya Merer, nahodha wa kikosi kilichosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza kwa ajili ya piramidi ya Khufu. Merer anaandika walilala wapi na walipakia lini. Pamoja na shajara hiyo mna daftari za nafaka, mkate na pombe vilivyogawiwa. Karani yeyote wa bohari angezitambua mara moja.

Hadi leo Mmisri akitaka mkate huomba *aish*, yaani maisha. Neno hilo na kitenzi chetu "kuishi" vina asili moja katika Kiarabu. Ukivuka ukaenda nchi za Ghuba, kwa neno lilelile unaletewa wali. Kila watu wameupachika uhai wao kwenye sahani yao.

Huko China, chakula kiliingia ukutani kabisa. Mafundi wa kale walipika mchele wa kunata mpaka ukawa uji, wakauchanganya na chokaa, wakapata udongo wa kuunganishia matofali. Utafiti wa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Zhejiang uliotangazwa mwaka 2010 ulieleza siri yake: wanga wa mchele huo huizuia chokaa isigande ovyo, nayo ikafanya chembe ndogondogo zilizoshikana sana. Nasaba ya Ming, iliyotawala kuanzia 1368 hadi 1644, iliutumia katika kuta za mji wa Nanjing, na pia katika sehemu za Ukuta Mkuu. Fikiria jirani wa ukuta katika mwaka wa njaa: mchele wake uko pale, naye hawezi kuula.

Kwetu, jengo la kulinganisha nalo halikusimama, lililala. Ni reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Watalii husimuliwa simba wa Tsavo waliowala wafanyakazi mwaka 1898. Walichokula wafanyakazi wenyewe hakisimuliwi sana.

Waingereza walileta kutoka Bara Hindi vibarua na mafundi wapatao 32,000. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi kwa maradhi, na zaidi ya 6,000 walibaki baada ya kazi. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mwenye asili ya Karachi, alipata zabuni ya kuleta watu na vyakula vyao. Unga wa ngano, mchele, dengu na samli vilivuka bahari, vikafuata reli kambi hadi kambi. Nyuma yake yakaja maduka ya kina Allidina Visram, ambaye alifungua matawi stesheni baada ya stesheni hadi Uganda.

Pwani ilikuwa imekwisha kuonja mapishi ya Kihindi karne nyingi kabla, kwa majahazi ya msimu. Reli iliyapeleka bara, kwa watu ambao ngano haikuwa yao. Kwa muda mrefu katika nyumba nyingi za Kenya chapati ilikuwa ya Krismasi na ya mgeni wa heshima. Watoto walijua kuna jambo wakiona mama ametoa kibao na kifimbo.

Leo, karibu na stesheni ya Nairobi, utaikuta kibandani asubuhi na mapema. Mpishi anakanda unga, anaukata madonge, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja kama konokono, anasukuma tena. Chuma kikishika moto anaitandaza, anaigeuza kwa ncha za vidole bila hata kuitazama. Kibarua wa mjengo anaagiza mbili na ndengu, anakula amesimama, kofia ya plastiki kwapani. Ghorofa anayoijenga ng'ambo ya barabara itapewa jina la mtu mwingine. Analipa, anapangusa vidole, anavaa kofia na kuvuka.