Khofu isiyokwisha baada ya dhulma: maradhi au udhaifu wa imani?

Alhamdulillah, rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Swahaba zake.

Mtu aliyepigwa, aliyebakwa au aliyeshuhudia mauaji anaweza kubaki na khofu miaka mingi baada ya jeraha la mwili kupona. Tukio humrudia ndotoni, na hata mchana akiwa macho. Hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, hushtuka mlango ukibamizwa, usingizi humruka. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, madaktari huhesabu kuwa ni maradhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 3.9 ya watu wote wamewahi kuyapata. Miongoni mwa waliopitia vita na mapigano ni asilimia 15.3. Wengi basi hupona wenyewe, na asiyepona tusimwambie kuwa imani yake haba.

Visiwani watu hawa tunao. Januari 27, 2001 watu walipigwa risasi Unguja na Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Waliokuwa watoto siku ile leo ni wazazi. Si ajabu mmoja wao akajifungia ndani zinaporipuka fataki za Sikukuu. Na kuna dhulma za ndani ya nyumba, ambazo hazisemwi kabisa.

Mara nyingi mgonjwa huyu huambiwa ana shetani. Ruqya ni jambo la sheria, asomewe. Lakini kumchapa ili jini atoke ni kumrudishia kile kile kilichomuuguza. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, na Kidongo Chekundu si pahala pa aibu.

Linalonisikitisha zaidi ni suluhu zetu. Binti amedhulumiwa na jamaa yake, wazee wanakaa, wanasameheana wao kwa wao, kisha binti analazimishwa kumpa mkono na kumpakulia chakula. Akikataa huambiwa anakata udugu. Tuitazame kadhia ya Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.) kwa mkuki katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Baadaye alisilimu, na Mtume (s.a.w.) akaupokea Uislamu wake. Pamoja na hayo akamuomba, kama ataweza, asimuoneshe uso wake. Imo katika Sahihi Bukhari. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, aliona uzito huo, mtoto wa miaka kumi na tano tunamdai nini? Ibn Abdul-Barr amenukuu makubaliano ya wanavyuoni kuwa inajuzu kujitenga na mtu ambaye kuchanganyika naye kunakudhuru katika dini au dunia yako. Kusamehe ni jambo jengine, na hakulazimishwi. Wala suluhu ya ukoo haimzuii aliyedhulumiwa kwenda mahakamani.

Kuhusu ibada: anayepitwa na swala kwa usingizi wa dawa za daktari hana dhambi, ataiswali anapoamka. Khofu ya kweli ni udhuru wa kuacha jamaa katika madhehebu yetu ya Shafii, basi aswali nyumbani mpaka apate nafuu. Akianza kuzungumzia kujiua, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali.

Wallahu a'lam.