Mchwa Waliwao na Mchwa Walao

Huko Kakamega, bibi yangu alifunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja, kisha sisi wajukuu tukagonga vijiti hadi kumbikumbi wakadhani mvua inanyesha. Baadhi ya waliotoka tuliwala wabichi. Waliobaki walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Pwani, jamaa za wadudu hao walikula nyumba. Tumboni mwa mchwa mna vijidudu vinavyomsaidia kumeng'enya mbao na karatasi. Ndiyo maana wajenzi wa Lamu na Unguja walishikilia boriti za mikoko, ngumu na zenye tanini, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni, kusiko na miti mirefu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1982.

Kinachoniuma ni miswada. Tungo zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilikaa masandukuni, na mdudu hachagui kati ya shairi na hati ya deni. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, yamesalia kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya baadaye katika karne hiyohiyo. Washairi wangapi hawakupata Sikujua wao?