Kanumba na Njia ya Lagos

Wilaya ya Kishapu, ambayo makao yake makuu ni Mhunze, inajulikana kwa pamba na kwa almasi ya Mwadui. Inastahili kujulikana pia kwa Steven Charles Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga wa tarehe 8 Januari 1984, aliyepita katika sekondari ya Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alitunga filamu, akaigiza, akaongoza. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, umri ambao msanii hajawaza kuketi na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Kwa hiyo wengine wamemsimulia, na neno linalorudiwa mno ni kwamba aliwaiga Wanaijeria. Ni kweli aliwaiga. Lakini wanaomshutumu hivyo hawajiulizi kwa nini alifanya hivyo, wala kuiga huko kulizaa nini: njia ya Lagos ndiyo iliyoifungulia filamu ya Kiswahili soko ambalo serikali ilishindwa kulijenga kwa zaidi ya miongo miwili.

Ushahidi uko katika historia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, lakini mitambo na uamuzi vilikuwa mikononi mwa wakoloni. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na filamu zake za kuigiza, kama Fimbo ya Mnyonge na Yombayomba, zikabaki za kuhesabika, kwa sababu kupiga picha kwa mkanda wa sinema kulihitaji fedha nyingi za kigeni. Watazamaji hawakungoja. Katika mabanda ya video walimsikiliza Lufufu akiwatafsiria filamu za nje kwa Kiswahili chenye vionjo vyake, dalili tosha kwamba kiu ya hadithi katika lugha yao ilikuwapo, ila hapakuwa na wa kuikata. Wanaijeria walikuwa wamekwisha kuonyesha, tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, kwamba kamera ya video na mfanyabiashara wa sokoni vinatosha kuanzisha tasnia. Kanumba, aliyekuwa amejulikana kupitia tamthilia za Kaole Sanaa Group kwenye runinga, alilisoma somo hilo mapema. Mwaka 2006 alicheza Dar 2 Lagos, iliyoongozwa na Mnaijeria Femi Ogedegbe, pamoja na Mercy Johnson. Miaka mitano baadaye, katika Devil Kingdom, alisimama na Ramsey Nouah kama nyota mwenzake. Kati ya hizo mbili, filamu za Bongo zilikuwa zimeingia Kenya, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na zilisikika kwa Kiswahili hata pale kasha lilipoandikwa Kiingereza.

Wapo wanaosema alikusahau kwao: majumba ya kifahari ya Dar es Salaam yakajaa kwenye picha, mkulima wa pamba asionekane. Hoja hiyo ina uzito, ingawa soko la wakati ule lilinunua ndoto, na aliyewekeza fedha yake mwenyewe hakuwa na ruzuku ya kumruhusu kupata hasara. Nzito zaidi ni ile ya ushirikina. Filamu za utajiri wa kishetani, mtindo uliokuja na Wanaijeria, ziliuzwa katika miaka ileile ambayo Kanda ya Ziwa, kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita, ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali. Imani hiyo ni kongwe kuliko video, na kumtwika msanii mauaji hayo si haki. Hata hivyo tasnia nzima ilikuwa na sauti kubwa na haikuitumia ipasavyo kuwatetea wale waliowindwa. Kwa hilo simtetei yeyote.

Umati uliofurika Leaders Club na makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili 2012 ulionyesha alichokijenga. Sasa diski za filamu zake zinakwaruzika na maduka yaliyoziuza yamefungwa. Halmashauri ya Kishapu, shule ya Mwadui na walio na miswada yake wakusanye filamu hizo mahali pamoja Mhunze, na waigizaji wenzake walio hai waandike wanachokijua wangali na nguvu.