Mzee wa Maziwa

Katika kitabu hiki cha jubilei haifai tuwataje mapadri na wajenzi peke yao, tukimsahau mzee mmoja mfugaji, ambaye maziwa yake yaliwalisha wagonjwa wa parokia kwa miaka mingi.

Milima yetu ya Masisi ina majani mengi, lakini njia ya kwenda Goma ni mbaya, na maziwa huharibika kabla ya kufika. Ndiyo sababu wafugaji walijifunza kuyagandisha na kufanya fromaji: litri 10 hivi za maziwa kwa kilo 1 tu. Mzee huyo hakutia maji katika bidoni yake hata siku moja. (Waliotia tunawajua.)

Mwaka 1993 vita viliingia Masisi. Mwaka 1996 hata Wamonaki wa Mokoto, waliokaa huko tangu 1954, walilazimika kukimbia. Ngombe waliporwa makundi kwa makundi. Mzee alirudi kutoka kambini na fimbo yake tu.

Kisha akamtambua ngombe wake katika kundi la mkristu mwenzake. Hakumshitaki, lakini kwa miaka miwili hakupokea Komunyo. Alimwuliza padri: «Je, kusamehe ni kuacha kudai?» Padri hakujibu upesi. Mwishowe jirani alikuja mwenyewe usiku, akileta ndama jike.

Mzee aliaga dunia akiisha kupakwa Mafuta Matakatifu. Ndama yule alikua, akazaa. Wajukuu wanamkamua, na bidoni ya wagonjwa ingali inapita kila asubuhi.