Kazi za utalii Pwani: Vyuo, vyeti na ngazi za kupanda

Kila Desemba hoteli za Diani, Nyali, Watamu na Malindi hujaa wageni, na vijana wetu huitwa kazini. Masika yakianza Aprili, wengi huambiwa warudi nyumbani wakasubiri simu. Anayebaki kazini miezi hiyo ya mvua mara nyingi ni mwenye mkataba, na mwenye cheti ndiye hupata mkataba kwa urahisi zaidi. Makala haya yanaeleza vyeti hivyo ni vipi, vinapatikana wapi na vinamfikisha wapi mwenye navyo.

Hoteli si kazi moja

Wengi wakisikia hoteli hufikiria mpishi na mhudumu wa meza. Hoteli kubwa ina mapokezi, usafi wa vyumba, dobi, jiko, mikate na keki, stoo, ununuzi, uhasibu, matengenezo, bustani na ulinzi. Mzazi asiyetaka mwanawe ashike kazi ya kuuza pombe ajue kwamba nyingi ya idara hizi hazihusiki na baa.

Kila idara ina ngazi yake. Jikoni mtu huanza kwa kumenya na kukatakata, akapewa sehemu moja kama michuzi au nyama, akawa naibu wa mpishi mkuu, kisha mpishi mkuu mwenyewe. Upande wa vyumba, anayetandika vitanda huweza kuwa msimamizi wa ghorofa, halafu mkuu wa idara. Ngazi za chini hupandwa kwa bidii na uzoefu. Za juu huhitaji karatasi pia, kwa sababu mkuu wa idara hupanga bajeti, huagiza bidhaa na huandika ripoti.

Njia ya baada ya KCSE

Kwa jumla, shahada huhitaji C+, diploma C-, na cheti cha ufundi D. Aliye chini ya hapo hakufungiwa mlango: zipo kozi za ngazi ya chini katika vyuo vya kiufundi, na akifaulu hupanda hatua kwa hatua hadi diploma. Nafasi za vyuo vya umma huombwa kupitia KUCCPS, na mikopo kupitia HELB.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hufundisha ukarimu na utalii. Kenya Coast National Polytechnic, Mombasa, nacho kina kozi za upishi na huduma za hoteli. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, bado ndicho chenye jina kubwa kwa waajiri. Kwenye uwanja wake kuna hoteli ambamo wanafunzi hujifunza kwa wageni halisi.

Kabla ya kulipa karo katika chuo cha kibinafsi, uliza maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA? Mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Na wanafunzi hupelekwa hoteli gani kwa mafunzo ya kazini, kwa miezi mingapi? Chuo kisichoweza kujibu swali la tatu kitakupa cheti kizuri cha kuning'iniza ukutani tu.

Aliyejifunza kazini

Hapa ndipo watu wetu hupoteza zaidi. Yuko mama aliyepika biriani ya harusi miaka 20, na yuko kijana aliyefanya kazi jikoni hotelini misimu sita, lakini kwenye karatasi hawana kitu. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya viwango vitatu, cha III kikiwa cha chini na cha I cha juu, na mtahiniwa hahitaji kuwa amekaa darasani. Upo pia mpango wa kitaifa wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule: mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya, kisha hupewa cheti kinacholingana na ujuzi wake.

Kwa hiyo, kila msimu ukiisha, omba barua ya kazi yenye tarehe, idara na majukumu yako. Barua hizo ndizo ushahidi wako siku ya kupimwa.

Waongoza watalii na watu wa bahari

Mwongoza watalii hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Juu ya leseni hiyo, chama cha waongoza safari, KPSGA, kina mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mitihani yake inahusu wanyama, ndege, mimea, historia na tamaduni. Sisi tuna mali hapa: Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, makaya ya Mijikenda 2008, Fort Jesus 2011 na Gede 2024. Aliyelelewa karibu na kuta hizo anaanza na ujuzi ambao mgeni hana, ila lazima ausome kwa mpangilio.

Wanaopeleka wageni Kisite au hifadhi za bahari za Watamu na Malindi wanahitaji chombo kilichokaguliwa na nahodha mwenye cheti kinachotambuliwa na Mamlaka ya Bahari, KMA. Kwa wazamiaji, ngazi za PADI huanza na cheti cha awali, hupitia uokoaji, hadi kiongozi wa wazamiaji. Cheti hicho cha kiongozi hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18 na kuzamia mara 60. Anayetamani meli za kitalii aulize Bandari Maritime Academy, Mombasa, kuhusu mafunzo ya usalama wa baharini. Bila mafunzo hayo hata mpishi hapandi melini.

Lugha

Malindi na Watamu wako vijana wanaoongea Kiitaliano kama wamezaliwa nacho, na Diani wako wa Kijerumani. Wengi wao hawawezi kukiandika, na kazi ya mapokezi ni ya kuandika. Mtihani wa lugha wa kiwango cha B1 humtoa mtu ufukweni na kumweka mezani.

Mkataba

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Weka kumbukumbu ya siku zako. KUDHEIHA ndicho chama cha wafanyakazi wa hoteli, na mikataba yake ya pamoja na waajiri hutaja mishahara na marupurupu.

Anayeahidiwa kazi ya hoteli Dubai au Doha ahakikishe wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kutoa pasipoti wala shilingi.

Haki yetu kwenye mafunzo

Hoteli hutozwa asilimia 2 ya mapato yao kwa Hazina ya Utalii, na sehemu ya fedha hizo hugharamia mafunzo. Hoteli za Pwani zimechangia kwa miaka mingi, huku chuo kikuu cha sekta hii kikiwa na makao Nairobi. Ndiyo maana Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala, Vipingo, kimekuwa kilio cha wakazi, na ujenzi wake umevuta zaidi ya miaka kumi. Viongozi waulizwe nafasi ngapi huko ni za watoto wa kaunti hizi, na karo itakuwa kiasi gani.

Ya kutayarisha mapema

Usingoje Novemba. Kuwa na kitambulisho, PIN ya KRA, nambari za NSSF na SHA, cheti cha tabia njema na barua zako za kazi. Kwa kazi ya chakula, cheti cha afya hufanywa upya kila miezi 6, hivyo cha msimu uliopita hakitakufaa. Miezi ya mvua, wengine wanapongoja simu, ndiyo ya kufanya mtihani wa NITA au kusomea lugha. Msimu ukirudi, uingie kwa mlango wa wenye vyeti.