Tasi (Siganus sutor)

Tasi, ambaye Kenya wengi humwita tafi, ni samaki wa miamba na nyasi za bahari anayepatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Shelisheli. Jina la kisayansi alipewa na Mfaransa Achille Valenciennes mwaka 1835. Hula mwani na nyasi za bahari, huweza kufikia sentimita 45, na miiba yake yenye sumu anaijua kila aliyewahi kumtoa kwenye dema. Pamoja na pono, ndiye anayejaza madema ya Kenya hata katika maji ambamo chewa wamekuwa haba. Kwa wingi huo amepata sifa ya samaki asiyekwisha, sifa ambayo haistahili.

Wanaomtetea kwa sifa hiyo wana hoja ya kweli: tasi hukua upesi na huanza kuzaa angali mdogo kwa umri, tofauti na chewa anayehitaji miaka kadhaa. Akiachwa, hurudi haraka. Lakini neno zito hapo ni “akiachwa”. Wachanga wake hulelewa kwenye nyasi za maji mafupi, palepale linapopita juya la kukokota, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 na bado halijatoweka ufukweni. Anayenaswa kabla ya kuzaa hata mara moja hasaidiwi na kasi yake ya kukua. Bahari hupoteza uzito ambao angeuongeza, kisha hupoteza na uzao wake.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa wazazi. Tasi huzaa kwa makundi, mahali palepale na kwa kufuata mwezi. Makundi hayo yamethibitishwa karibu na Msambweni, na huko Praslin, Shelisheli, wavuvi wa madema huyafuata wakati wa mwezi mpevu. Kundi likikusanyika, mtego hujaa hata kama samaki waliobaki baharini ni nusu ya wale wa zamani, maana nusu hiyo yote imekuja mahali pamoja. Ndiyo sababu mavuno ya siku moja ni shahidi mbaya. Chewa wa Nassau katika Karibi alikwisha kulionyesha hilo: kundi la kuzaa la Little Cayman, lenye samaki wapatao 7,000 lilipogunduliwa mwaka 2001, lilibaki na takriban 2,500 baada ya misimu miwili tu ya uvuvi. Lilifungwa mwaka 2003, na lilichukua zaidi ya miaka kumi kurejea hali yake. Tasi hangengoja muda mrefu hivyo, ila kasi ya kurejea haipunguzi kasi ya kumaliza.

Husemwa pia kwamba vifaranga huchukuliwa na mikondo, kwa hiyo wanaofunga eneo lao huwanufaisha majirani. Huenda ikawa hivyo kwa sehemu, lakini majirani nao wakingoja uzao wa wengine, hapatakuwa na wa kuuleta. Pingamizi lenye uzito ni la riziki: anayeishi kwa dema hawezi kuambiwa asubiri mwaka. Kufunga mahali pa kuzalia kwa siku chache za mwezi mpevu kunadai kidogo kuliko kufunga bahari nzima, na siku zilizobaki dema linaweza kuachiwa mwanya wima wa sentimita tatu hivi. Majaribio ya Kenya yalionyesha kuwa mwanya huo huwapitisha wadogo, ambao ubavu wao ni mwembamba, na wanaobaki huwa wakubwa zaidi na wenye bei. Ila mwanya peke yake hautoshi: wanaokusanyika kuzaa wote ni wakubwa, na hakuna hata mmoja atakayepenya.