Nchi Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Mwenye kalamu na aishike, maana leo kuna tarakimu. Somo letu ni habari za mchezo wa kompyuta ambao mtu, naye amekaa kitini kwake, huona kama kwamba anarusha ndege. Milima na mito anayoiona mbele yake imetoka wapi?

Hapo mwanzo hapakuwa na nchi ya kutazama. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza kisanduku cha kumfundishia rubani. Kilipanda na kuinama kwa mivukuto ya vinanda, lakini mwanafunzi hakuona ardhi yo yote. Baadaye wahandisi walijenga mfano wa nchi juu ya ubao mkubwa, na vilima vyake na vijumba vyake. Mwanafunzi akigeuza usukani, kamera ya televisheni hupita juu ya ubao, naye huona picha. Kazi nzuri, ila ubao ukiisha, na nchi imekwisha!

Kisha ikaja kompyuta. Mchezo wa Bruce Artwick, uliouzwa na Microsoft mwaka 1982, ulikuwa na sehemu nne tu za Marekani, na mlima ulikuwa mistari michache. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta haijui mlima, inajua tarakimu. Pigeni miraba katika karatasi, na ndani ya kila mraba mwandike kimo cha ardhi. Penye 10, 10, 10 ni tambarare. Penye 10, 200, 900 ni mlima mkali. Basi hiyo ndiyo ramani ya kompyuta.

Lakini nani angepima dunia? Mwezi wa Februari 2000 watu sita walirushwa angani katika chombo kiitwacho Endeavour. Kwa siku 11 walizunguka dunia wakipima ardhi kwa rada. Antena moja ilikuwa chomboni, nyingine katika ncha ya mlingoti wa meta 60, zikafanya kazi kama macho yetu mawili yanavyopima umbali. Karibu sehemu nne katika tano za nchi kavu zilipimwa. Hata hivyo, nyuma ya milima mikali rada haikufika, yakabaki mashimo. Na penye msitu mnene ilipima majani ya miti badala ya udongo. Watengenezaji wa ramani walifanya kazi kubwa ya kuziba na kusahihisha, maana rubani anayejizoeza hafai kuonyeshwa bonde pasipo na bonde. Vipimo vya kila meta 30 vilipoanza kutolewa kwa watu wote mwaka 2014, Afrika ilitangulia.

Majumba nayo yana habari yake. Katika ramani moja inayochorwa na watu wa kujitolea, mtu aliandika kwamba nyumba fulani mjini Melbourne, Australia, ina ghorofa 212. Alikusudia kuandika 2. Wenzake walisahihisha, lakini watengenezaji wa mchezo walikuwa wamekwisha kuichukua ramani ya zamani. Mchezo mpya ulipotoka Agosti 2020, mnara mwembamba ulionekana umesimama peke yake kati ya vijumba vya chini, na watu wakarusha ndege zao kwenda kuutazama.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: 2. Chini yake: 212. Kisha kila mmoja amsomee jirani yake kwa sauti.